Mgeni Amekalia Kigoda

Mfalme wa Milansi alikuwa mawindoni wageni walipofika. Kabla ya kutoka alikuwa amemwonya mkewe: watakuja watu, wapokee, ila kigoda changu wasikikalie. Wakaja kweli, wanawake watatu kutoka mbali. Mke wa mfalme akafanya ambalo mwenyeji yeyote wa Ufipa angelifanya mtu akibisha hodi mlangoni pake: akawakaribisha, wakakaa. Mume aliporudi na kuona nani yuko juu ya nini, hakuhitaji kuelezwa. Nchi ilikuwa imeshakwenda.

Ndivyo simulizi kuu ya Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, inavyoeleza jinsi utawala ulivyohama kutoka ukoo wa Milansi, unaojinasibu na Ntatakwa, mtu wa kwanza aliyeanguka kutoka mbinguni, ukaenda kwa ukoo wa kifalme wa Watwa. (Si Watwa wa misituni wanaojulikana Kongo na Rwanda, ni majina tu yamefanana.) Mzee wa Milansi hakuuawa wala hakufukuzwa. Aliachiwa kijiji chake na mlima wa Itweelele ulio jirani, pamoja na heshima ya kiibada ambayo watawala wapya hawakuwahi kumnyang'anya. Baadaye Watwa wakagombana wenyewe kwa wenyewe, nchi ikapasuka mbili, Nkansi na Lyangalile. Jina la kwanza bado liko kwenye ramani: ni Wilaya ya Nkasi, yenye makao makuu Namanyere. Milansi ikabaki Milansi.

Kwenye miaka ya 1660, upande wa pili wa dunia, Mchina mmoja wa mji wa Yuyao, mkoani Zhejiang, alikuwa akimalizia kitabu chembamba ambacho hoja yake nzima imesimama juu ya maneno mawili hayo hayo: mwenyeji na mgeni. Huyo ni Huang Zongxi, mwanazuoni wa mafundisho ya Confucius. Hakuwahi kusikia habari za Ufipa, na hakuna Mfipa wa zama zake aliyesikia habari zake. Lakini anayeijua simulizi ya kigoda cha Milansi akikisoma kitabu cha Huang atajikuta anatikisa kichwa kama mtu anayesimuliwa jambo la jirani.

Hoja yake ni hii. Hapo kale, anasema Huang, wananchi wote kwa pamoja ndio waliokuwa wenyeji wa nchi na mfalme alikuwa mgeni. Yote aliyoyahangaikia maishani aliyafanya kwa ajili yao. Siku hizi mambo yamepinduka. Mfalme amejifanya mwenyeji, wananchi wamekuwa wageni kwenye nchi yao, na ndiyo maana hakuna pembe ya nchi yenye utulivu. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huang alikuwa akiandika habari za mgeni aliyekuja na mwenyeji akaugua.

Haya hayakuwa maneno ya mtu aliyeketi maktabani akipunga upepo. Huang alizaliwa mwaka 1610. Baba yake, Huang Zunsu, alikuwa ofisa mnyoofu katika serikali ya nasaba ya Ming, wakati ambapo mfalme alipenda useremala kuliko mafaili na kumwachia towashi mmoja, Wei Zhongxian, aendeshe nchi atakavyo. Zunsu alithubutu kumkosoa towashi huyo, na mwaka 1626 akafia gerezani. Mwanawe alikuwa kijana mdogo.

Miaka miwili baadaye mfalme mwingine yuko kitini, Wei amekufa, na watesaji wanafikishwa mahakamani Beijing. Kijana Huang anasafiri hadi mji mkuu akiwa ameficha kwenye mkono wa joho lake chuma chembamba chenye ncha kali, kile cha kutobolea ngozi. Siku ya kesi anasimama mbele ya mmoja wa waliomtesa baba yake, Xu Xianchun, anakichomoa na kumchoma nacho hapo hapo barazani, damu ikachuruzika. Mfalme mpya, Chongzhen, alimwonea huruma mtoto wa marehemu na kumwachia. Kwa adabu za Confucius, mwana anayemlipia baba kisasi si mhuni.

Mwaka 1644 waasi waliingia Beijing. Chongzhen, yule yule aliyemsamehe, aligeukia familia yake kwa upanga ili wasitekwe, akamjeruhi bintiye huku akilia kwa nini mtoto huyo alizaliwa katika nyumba ya kifalme. Kisha akapanda kilima cha nyuma ya kasri na kujinyonga. Wamanchu wakashuka kutoka kaskazini na kuanzisha nasaba ya Qing. Mwalimu wa Huang, Liu Zongzhou, alikataa chakula mpaka akafa. Huang yeye alikusanya wapiganaji wa nyumbani kwao, akapigana, akashindwa, akaishi miaka kadhaa kwa kujificha milimani. Aliporudi nyumbani akakaa chini kuandika.

Na hapo ndipo unapouona ukali wake. Mtu aliyepoteza baba kwa sababu ya towashi angeweza kuandika kitabu cha kuwalaani matowashi, na mtu aliyeipigania Ming angeweza kuandika maombolezo ya Ming. Huang hakuishia huko. Aliuliza swali ambalo wenzake walilikwepa: kwani kiti chenyewe kina nini, hata kila anayekikalia anaharibika? Jibu lake ni kwamba wafalme waliigeuza nchi kuwa mali ya kurithisha. Anakumbusha kisa cha Liu Bang, mwanzilishi wa nasaba ya Han, aliyekuwa akidharauliwa na baba yake kwa uvivu. Alipokwisha kuwa mfalme, akamuuliza mzee, karamuni, hadharani: haya, kati yangu na kaka, nani sasa ana mali nyingi zaidi? Huang anakinukuu kisa hicho kwa uchungu. Mtu anaitwaa nchi yenye mamilioni ya watu na jambo la kwanza linalomjia kichwani ni kumkoga kaka yake mkulima.

Kisha anakirejea kilio cha Chongzhen kwa bintiye. Mali ikiwa kubwa kiasi hicho, kila mtu anaitamani, na kufuli la mtu mmoja haliwezi kuishinda tamaa ya wote. Wapo ambao maafa huwafika baada ya vizazi vichache, wapo ambao yanawakuta wao wenyewe, na damu inayomwagika ni ya watoto wao. Kwa maana hiyo udikteta, pamoja na kumwonea mkulima, ni hasara hata kwa nyumba ya dikteta.

Turudi kwenye uwanda wa Ufipa. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baina ya mabonde mawili ya maziwa: Tanganyika magharibi, Rukwa mashariki. Anayepanda kutoka bonde la Rukwa, upande wa Muze au Mtowisa, akiwa na shati jepesi, atajuta akifika mjini jioni ya mwezi wa Juni. Katika nchi hii ya baridi na upepo, mtafiti Roy Willis aliishi miaka ya 1960 akiwasikiliza wazee, na mwaka 1967 akachapisha makala iliyojadili maneno mawili ya Kifipa: unutwe, yaani kichwa, na unsana, kiuno. Milansi, kwa maelezo yake, ndiyo kichwa: ukubwa wa umri, busara, mamlaka ya asili. Watwa ndio kiuno: nguvu, mwendo, uwezo wa kutenda na kuzaa. Mwili hauwezi kukosa kimoja kati ya hivyo.

Jambo la kupendeza katika mpango huu ni kwamba wenye nguvu waliukubali. Mtwa alitawala, alikusanya, aliamua kesi. Lakini katika kijiji kimoja kidogo alikuwapo mtu ambaye uwepo wake peke yake ulimkumbusha mtawala kwamba yeye alikuja. Kila simulizi ya kigoda ilipotolewa kando ya moto, mfalme alitajwa upya kuwa mgeni. Huang angelitoa chochote kuupata mpango kama huo. China ya Ming ilikwenda kinyume chake kabisa: mwanzilishi wake, mfalme Hongwu, aliifuta nafasi ya waziri mkuu mwaka 1380 ili asiwepo mtu wa pili nchini, na mwaka 1394 akaagiza vifungu 85 viondolewe katika kitabu cha Mencius, mwanafalsafa aliyethubutu kusema kuwa wananchi ni wazito kuliko mfalme. Huang aliona kufutwa kwa uwaziri mkuu ndiko kulikoanzisha uharibifu wote. Watoto wa wafalme si lazima wawe na akili, alieleza, lakini mawaziri wakuu wanaweza kuchaguliwa kwa akili zao. Ukiondoa kinachochaguliwa, umebaki na bahati nasibu ya uzazi.

Tusiipambe Ufipa kupita kiasi. Watwa walipigania urithi kama wafalme wengine. Katika miaka ya 1840 wakafika Wangoni wa mfalme Zwangendaba, dola iliyotembea kwa mkuki, na mfalme huyo akafia Mapupo, huko huko Ufipa, yapata mwaka 1848. Walipotawanyika na kuondoka waliacha nchi iliyojeruhiwa. Ila Mskoti Joseph Thomson alipopita mwaka 1880 alikuta watu wa jembe wasiokuwa na hamu ya vita, na Willis baadaye alilipa jambo hilo jina la fumbo: amani hii ilitoka wapi?

Sehemu ya jibu aliiona vijijini. Mkuu wa kijiji, kwa maelezo ya Willis, alichaguliwa na wanakijiji wenyewe, na wakimchoka walimwondoa. Wanawake nao walikuwa na hakimu wao, mwenye uwezo wa kuwatoza faini wagomvi na watukanaji. Sehemu nyingine ya jibu bado inaonekana kwa macho: mabaki ya malungu, yale matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, yanayomzidi mtu kimo, yaliyotawanyika uwandani. Kulijenga, kulilisha mawe ya chuma na makaa, kulilinda usiku kucha, ni kazi ya kikundi kinachoelewana. Udongo wa tanuri umeungua ukawa mwekundu ndani, na chini kabisa kuna matundu ya kupitishia hewa yaliyopangwa kuzunguka. Mtoto anaweza kuingiza mkono hadi begani. Kilichotoka humo kilikuwa jembe.

Huang hakufikiria kura ya kijiji. Hili lazima lisemwe, kwa sababu tangu mwisho wa karne ya 19 wapenzi wake wamemwita Rousseau wa China, ingawa alimtangulia mwanafalsafa huyo wa Ulaya kwa karibu miaka 100. Hakutaka kuondoa ufalme. Alitaka uwe na mipaka, na mpaka mmoja aliouamini kuliko yote ulikuwa shule.

Kwenye sura yake ya shule anasema kwamba analoliona mfalme kuwa sawa si lazima liwe sawa, na analoliona baya si lazima liwe baya. Shule ndiyo mahali pa kulipima. Mkuu wa Chuo Kikuu cha mji mkuu awe mtu mzito kama waziri mkuu. Mfalme aende chuoni na mawaziri wake, aketi miongoni mwa wanafunzi, asikilize, na kama utawala una kasoro aambiwe waziwazi. Wilayani vilevile: mwalimu mkuu ateuliwe kwa mjadala wa watu, asiletwe na serikali, na siku ya kwanza na ya kumi na tano ya kila mwezi mkutano ufanyike, mkuu wa wilaya akiwa amekaa upande wa wanafunzi. Akikosea kidogo, akosolewe. Akikosea sana, ngoma ipigwe na jambo litangazwe kwa watu.

Msomaji wa Tanzania hana haja ya kwenda Zhejiang kulielewa hilo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile Namba 7, imeupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya juu kabisa kijijini, na mjumbe wake ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kila miezi mitatu mwenyekiti na mtendaji wanatakiwa kusimama mbele ya watu na kusoma mapato na matumizi. Wapo wanaosoma. Wapo ambao kila robo ya mwaka wana udhuru, mara mvua, mara msiba, mara akidi haikutimia. Mwenyekiti aliyekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, karatasi mkononi, akiulizwa na bibi mmoja ile mifuko 20 ya saruji iliyochangwa imejenga nini, yuko mahali pale pale Huang alipotaka kumweka mkuu wa wilaya wa Kichina. Tofauti ni kwamba bibi hakupita shule ya Confucius ndipo apate haki ya kuuliza. Hapo Ufipa imemshinda mwanazuoni.

Kuna sura moja ya Huang ambayo mkulima wa Rukwa angeisoma bila kuhitaji maelezo, nayo ni ya kodi.

Mwezi wa saba Sumbawanga inanuka mahindi. Malori yanapanga foleni, yapo yanayokwenda kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na yapo yanayoshuka hadi mpakani Tunduma, na penye mahindi pana lumbesa. Gunia lilikwisha kujaa. Linafunguliwa mdomo, linasukiwa kamba kwa juu kama kofia, linashindiliwa mpaka debe sita zimekuwa saba na ushei. Bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, viongozi wanakataza majukwaani, na msimu ujao kofia inarudi.

Huang aliiona lumbesa ya kodi. Mwaka 780 serikali ya nasaba ya Tang ilikusanya ushuru mbalimbali ikaufanya kitu kimoja, ili kumpunguzia mkulima usumbufu. Watu wakashukuru. Muda si muda ushuru ule ule uliokwisha kumezwa ukaanza kudaiwa tena, juu ya ule mpya. Mwaka 1581 Ming ikaunganisha tena, safari hii kwa fedha ya madini. Haikufika miaka 40 yakaongezwa malipo ya vita ya kaskazini. Kila mageuzi yakawa gunia jipya, na kila gunia likasukiwa kofia. Mwanahistoria Qin Hui aliuita mwenendo huu kanuni ya Huang Zongxi. Mwaka 2003 waziri mkuu Wen Jiabao aliitaja, na tarehe 1 Januari 2006 China ikafuta kodi ya kilimo iliyokuwa imedumu zaidi ya miaka 2,000.

Lawama yake ya pili iko karibu zaidi na Ufipa. Mkulima analima mpunga, alisema, lakini anadaiwa fedha ya madini, kitu ambacho shamba lake halikizai; inabidi auze kwa bei ya kutupa ili apate cha kulipa. Mwaka 1898 Wajerumani walipoweka kodi ya nyumba na kuidai kwa rupia, mlimaji wa ulezi wa koloni lao alitiwa kwenye mtego huo huo, na wengi wakafunga safari kwenda kutafuta vibarua mbali. Kodi za aina hiyo zilikuja kwa majina tofauti hadi kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003. Wazee bado wanawakumbuka mgambo waliovizia njia panda siku za mnada. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ukashushwa kutoka asilimia 5, ukawa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mkulima alishukuru, kisha akauliza swali la Huang: na hizo risiti nyingine za njiani?

Waswahili nao wana mwandishi wao wa mambo haya. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, chini ya Mwingereza, habari za nchi iliyo angani ambako Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Huang ana sura nzima juu ya sheria, na hoja yake ingemfaa Karama kizimbani: sheria iliyotungwa kuilinda nyumba moja si sheria, ni kufuli la kabati la mwenye nyumba. Wafuasi wa Confucius kwa karne nyingi waliamini kwamba ukimpata mtu mwema, utawala umepatikana. Huang akaligeuza: kwanza pawepo na sheria njema, ndipo mtu mwema aweze kutawala.

Kitabu chake kiliitwa Mingyi daifang lu. Mingyi ni alama ya 36 katika kitabu cha kale cha Yijing, ile ya nuru iliyozama ardhini. Daifang maana yake ni kusubiri kutembelewa. Huang alijilinganisha na mwenye hekima wa kale, Jizi, ambaye mfalme mshindi alimwendea kumuuliza namna ya kutawala. Yaani baada ya kurasa zote za kuhoji nani mgeni na nani mwenyeji, mwandishi mwenyewe alikaa nyumbani kwake, mlango wazi, akimngoja mtawala abishe hodi. Wapo Wachina waliomsuta kwa hilo: alikuwa akimngoja nani, kama si Mmanchu yule yule aliyempiga vita?

Mwaka 1678 Mmanchu alituma wito. Serikali ya mfalme Kangxi ilimwita Beijing kwa heshima zote, na baadaye ikamtaka asaidie kuandika historia ya Ming. Akakataa mara zote. Alimruhusu mwanafunzi wake Wan Sitong aende, naye alifanya kazi hiyo miaka mingi bila kupokea cheo. Wageni wa kweli walikuja miaka 200 baadaye, wakati wanamageuzi Liang Qichao, Tan Sitong na wenzao walipokichapa kitabu kwa siri na kukigawa kwa maelfu. Tan alikatwa kichwa mwaka 1898, mwaka ule ule wa kodi ya rupia.

Huang hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1695, umri miaka 84, akiwa ameacha maagizo ya maziko: asitiwe ndani ya jeneza, alazwe kaburini juu ya kitanda cha jiwe, na nguo zile zile alizokuwa amevaa. Familia yake ilitii.